Nchi Iliyokohoa Pamoja

Nchi ya Wima haina milima ya kutajwa, haina dhahabu, na mvua yake huja ikipenda. Ina kitu kimoja tu ambacho majirani zake hawana, nacho ni kidevu. Raia wa Wima hutembea kidevu kikiwa juu, hununua nyanya kidevu kikiwa juu, huvuka barabara kidevu kikiwa juu, na ndiyo maana barabara za huko zina mashimo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Sheria ya Kidevu ilipitishwa bungeni kwa kauli moja, wabunge wote wakitazama dari. Anayeinamisha kichwa hadharani hupelekwa Kituo cha Kunyoosha Shingo, mahali ambapo serikali inasema pana bustani nzuri. Waliopelekwa huko hawajawahi kurudi kulalamika, jambo linaloonyesha kwamba wameridhika.

Kiongozi wa nchi hiyo huitwa Nguzo. Jina lake la kuzaliwa lipo, ila wengi hawalijui, na wanaolijua wanajitahidi kulisahau. Mwaka mmoja, baada ya sikukuu ya Uhuru, Nguzo hakuonekana kwa muda. Aliporudi, upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umelegea. Gazeti la serikali lilieleza kwamba Nguzo ameamua kutabasamu kwa upande mmoja ili upande wa pili ubaki na shughuli za dola. Watu waliridhika na maelezo hayo. Lakini tangu siku hiyo, kila alipokunywa maji, Nguzo alikohoa.

Mara ya kwanza ilikuwa kwenye karamu ya mabalozi. Nguzo alinyanyua glasi, akanywa, akakohoa, na ukumbi mzima ukapoa. Hakuna aliyejua pa kuyaweka macho yake. Ndipo karani mmoja wa itifaki, ambaye hofu ilikuwa imemkausha koo, naye akakohoa. Nguzo alimtazama kwa upande ule unaotabasamu. Wiki iliyofuata karani yule alikuwa mkuu wa mkoa. Karamu ya pili, ukumbi mzima ulikohoa.

Basi ikawa desturi, na desturi ikawa sheria: Nguzo hakohoi peke yake. Kikohozi chake kikisikika redioni, mafundi huweka nyundo chini wakakohoa, mahakimu huahirisha hukumu wakakohoa, na bibi harusi hukohoa ndani ya shela. Anaanza yeye, anamaliza yeye, na ishara ya kumaliza ni glasi kurudi mezani. Kabla glasi haijagusa meza, atakayenyamaza amemwacha Nguzo mpweke, na kosa hilo halina dhamana. Wahenga walisema kikohozi hakifichiki. Wahenga hawakuijua Wima, ambako kikohozi cha mmoja kilifichwa ndani ya vikohozi vya nchi nzima, na kikafichika vizuri sana.

*

Mwajabu Lupogo alikuwa mtu wa koo. Katika Hospitali Kuu kazi yake ilikuwa kuwafundisha kumeza upya watu waliopigwa na kiharusi. Hakuwa daktari wala muuguzi. Watumishi wa hospitali ile waligawanywa mafungu matatu: madaktari, wauguzi, na wengineo. Wengineo ndio hao wanaopiga picha za mifupa, wanaopima damu, wanaochonga miguu ya bandia, wanaofundisha watu kutembea, kusema na kula. Walipitia mlango wa jikoni. Mikutanoni walisimama nyuma, na mmoja wao akiwa na neno alimnong'oneza muuguzi, muuguzi akamnong'oneza daktari, na daktari akalisema kama lake. Utaratibu huo ulisifiwa kwa kudumisha umoja wa wafanyakazi.

Mwajabu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na hasira za karibu, na wagonjwa wake walimpenda kwa sababu hakuwadanganya. Ndugu wa mgonjwa alipokuja akiwa na hofu, Mwajabu alimketisha na kumpa somo lake lilelile.

"Kikohozi ni mlinzi wa getini," alimwambia. "Maji yana njia yake na pumzi ina njia yake. Maji yakikosea njia, mlinzi anapiga kelele. Akipiga kelele, mshukuru Mungu, yuko macho. Mimi siogopi mgonjwa anayekohoa. Namwogopa aliyekuwa anakohoa, kisha akanyamaza, na kikombe bado kiko mdomoni."

Dawa yake haikuwa dawa. Alikoroga kinywaji kiwe kizito kama uji wa mtoto, akamwambia mgonjwa ainamishe kidevu hadi karibu na kifua, kisha ameze. Hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa maana kuinamisha kidevu ni kosa la jinai. Kwa hiyo Mwajabu alifanya kazi nyuma ya pazia. Alichukua vikombe vya plastiki, akachoma kisu motoni, akakata nusu duara kwenye ukingo, mahali pua inapogonga. Kikombe cha namna hiyo unakimaliza bila kuinua kichwa. Wodi yake ilijaa vikombe vilivyokatwa, na mkaguzi alipouliza, aliambiwa vimeliwa na panya.

Nyumbani alikuwa nacho kimoja cha buluu. Kilikuwa cha mama yake, Bi Hadia, ambaye kiharusi kilimkuta akipepeta mchele na kumwacha na mkono mmoja mzima na ulimi mzito kuliko zamani. Madaktari walikuwa wamemwambia Mwajabu aanze kuwaita ndugu wa mbali. Mwajabu hakumwita mtu. Alifunga dirisha, akamshika mama yake kisogoni, akasema, "Kidevu chini, mama. Taratibu. Meza." Bi Hadia akameza, akatukana, na Mwajabu akalia kwa furaha, maana tusi lile lilikuwa neno lake la kwanza tangu augue. Ni wao wawili tu waliobaki katika nyumba yao, na Mwajabu hakuwa na kitu kingine duniani alichokiogopa kama kumpoteza mama yake.

*

Miaka ikapita, na wodi ikampa Mwajabu jambo la kufikiria. Wagonjwa wa upande wake wa pazia walirudi makwao. Wa upande wa pili, walionyweshwa kizalendo, videvu juu, waliondoka kwa mlango wa nyuma, wamefunikwa shuka. Akalinganisha, akalinganisha tena kwa uangalifu, kisha akakusanya ujasiri na kwenda kwa Profesa Kilasara, Daktari Mkuu wa Ikulu, mtu mwenye sauti nzuri sana ya kusomea taarifa.

"Huu ni utafiti?" aliuliza Profesa, akiitazama dari.

"Ndiyo, Profesa."

"Wengineo hawafanyi utafiti, Bi Mwajabu. Wengineo hufanyiwa utafiti. Na hili jambo la kidevu usilitaje tena. Sijalisikia. Masikio yangu yana mke na watoto."

Pengine mambo yangeishia hapo, lau ujumbe wa Wima usingeenda kwenye mkutano katika nchi ya jirani. Huko wajumbe waliulizwa: je, hawa wataalamu wenu wa sayansi shirikishi, wasio madaktari wala wauguzi, wana nafasi gani katika uongozi? Wana njia gani ya kuwa watafiti? Waziri wa Afya na Msimamo wa Mwili, Mheshimiwa Nderingo, alijibu kwamba Wima ina njia pana kuliko zote. Aliporudi, akaagiza itengenezwe.

Ilitengenezwa na seremala. Ilikuwa ngazi ya kweli, ya mninga, imepakwa rangi ya dhahabu, na iliwekwa katikati ya jukwaa la Ukumbi wa Taifa bila kuegemea ukuta wowote. Askari wawili waliishika miguu.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri siku ya uzinduzi, "kwa muda mrefu wengineo walikuwa chini. Serikali sikivu imeliona hilo bila kuinama. Kuanzia leo kila mwenye taaluma shirikishi atapanda! Atapanda kwa uongozi, atapanda kwa utafiti, na akifika juu, ataona mbali, na akiona mbali, hatahangaika na vitu vya karibu."

Wa kwanza kupandishwa alikuwa Kapufi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, rafiki wa Mwajabu wa siku nyingi. Kapufi alikuwa amechunguza kwa nini taifa zima linaumwa shingo. Alipanda ngazi, akahutubia kutoka juu, akashuka akiwa Mwenyekiti wa Baraza la Shingo. Akapewa ofisi yenye zulia na mlango wa mbele. Utafiti wake ulipotoka ulithibitisha kwamba shingo za wananchi zinauma kwa kukumbuka zamani zilipokuwa zinainama.

Mwajabu alimtembelea. Alimkuta ameketi nyuma ya meza kubwa, mikono yake ile iliyozoea kukanda migongo imelala juu ya meza haina kazi.

"Wagonjwa wako wako wapi?"

"Kiongozi hashiki wagonjwa, dada."

"Na utafiti ule uliouandika? Ndio ulivyouona?"

Kapufi aliinuka, akafungua bomba la maji kwenye sinki la ofisi ili sauti ipotee. "Nilipoanza kupanda ile ngazi nilitazama nyuma," alisema. "Wale askari wana amri mbili. Moja ni kuishika. Dada yangu, wakija kwako, kuwa mgonjwa, safiri, anguka kisimani. Usikubali kupanda."

Walikuja wiki ileile.

*

Waziri Nderingo mwenyewe ndiye aliyekuja, na Profesa Kilasara nyuma yake. Walipitia mlango wa jikoni kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na wapishi wakadhani nchi imepinduliwa.

"Bi Mwajabu," alisema Waziri, akiwa ameketi juu ya kitanda cha mgonjwa kana kwamba mgonjwa hayumo, "tumesikia wewe ni bingwa wa kumeza. Nchi ina fahari nawe. Tunaanzisha Taasisi ya Taifa ya Umezaji, nawe ndiye Mkurugenzi. Kinachohitajika ni utafiti mmoja tu wa kuanzia."

"Utafiti ninao, Mheshimiwa."

"Hapana. Huo wako tumeusahau." Akatabasamu. "Matokeo tunayo. Yamepitishwa na Baraza la Mawaziri. Tunachokosa ni mtafiti."

Profesa akasoma kwa sauti yake nzuri. Matokeo yalisema kwamba kikohozi cha wakati wa kunywa maji ni dalili ya koo lenye hekima. Yalisema kwamba maji mepesi ni bora kuliko mazito. Yalisema kwamba mtu akipaliwa, tiba ya haraka ni kumwinua kidevu kadiri kinavyoweza kufika, na kwamba hayo yote yalithibitishwa wodini na Mwajabu Lupogo na wenzake.

"Wenzangu gani?"

"Sisi," alisema Waziri.

Mwajabu alimgeukia Waziri. "Mheshimiwa, mtu akifuata hayo atakufa. Na si mtu wa wodini peke yake. Nguzo mwenyewe..."

Profesa Kilasara alianza kukohoa kwa nguvu, ingawa redio ilikuwa imezimwa, na hakuacha mpaka sentensi ile ilipokosa mahali pa kwenda.

Waziri alingoja kwa adabu. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayeulizia habari za nyumbani, "Mama hajambo? Bi Hadia. Tunasikia anaendelea vizuri, wenzake waliotabiriwa kufa wote wamekufa, yeye yupo. Watu wanajiuliza huwa anakunywaje. Majirani wanasema dirisha hufungwa." Akainuka na kukunjua suti yake. "Kule Kituo cha Kunyoosha Shingo wazee hupokewa vizuri sana. Kuna bustani."

Pazia la wodi lilikuwa limefunguka kidogo. Mwajabu aliwatazama wagonjwa wake mmoja mmoja, nao wakamtazama, kila mmoja na kikombe chake kilicholiwa na panya. Akilini alimwona mama yake juu ya lori la Kituo, shingo imefungwa ubao. Akaomba kalamu. Tusimhukumu haraka. Aliyekaa kivulini hana haki ya kumpimia mwenzake jua.

*

Utafiti wa Kidevu Juu ulisomwa redioni asubuhi, adhuhuri na jioni. Ulitiwa katika vitabu vya shule. Kiwanda cha taifa kikatoa glasi ndefu zenye picha ya Nguzo chini kabisa, kwa ndani, ili mtu asiione mpaka ameinua kichwa na kumaliza maji yote. Kila kaya iligawiwa. Wodini kwa Mwajabu pazia liliondolewa, vikombe vikachomwa uani, na yeye akapewa ofisi ya ghorofa ya juu, pembeni mwa ile ya Kapufi. Kelele za wodi hazikufika huko juu, na kila juma wodi ilipungua kelele.

Kitu ambacho hakukitarajia ni mama yake. Bi Hadia, aliyekuwa akishinda kitandani akitukana mbu, sasa aliomba aketishwe barazani. Mama Chausiku, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyemtoa nje kila asubuhi. Kila mpita njia alisimamishwa.

"Umesikia redio?" aliuliza Bi Hadia kwa ulimi wake mzito. "Lupogo ile ni ya kwetu. Ni mwanangu. Kapita mlango wa jikoni miaka yote, leo anawafundisha madaktari."

Jioni Mwajabu alifunga dirisha, akakoroga uji, akachukua kile kikombe cha buluu alichokificha chini ya unga.

"Mama, sikiliza. Yale ya redioni usiyafuate."

"Kwa nini? Si umeyaandika wewe?"

"Nimeyaandika."

"Ni ya uongo?"

Mwajabu alifumbua kinywa. Ukuta wa chumba chao ulikuwa mwembamba, na upande wa pili Mama Chausiku alikuwa ameacha kuosha vyombo. Na mbele yake mama yake alikuwa anamtazama kwa uso ambao Mwajabu hakuwahi kuuona tangu utoto, uso wa mtu ambaye dhiki zake zote zimelipwa.

"Si ya uongo, mama," alinong'ona. "Ila wewe bado. Wewe endelea na kidevu chini. Kwa ajili yangu."

Bi Hadia alicheka. "Sasa nimsikilize nani, Mwajabu wa redioni au Mwajabu wa jikoni?" Lakini aliinamisha kidevu, akameza, na Mwajabu akajidanganya kwamba jambo limekwisha.

*

Siku ya kumpandisha ngazi ilikuwa ya jua kali. Ukumbi wa Taifa ulijaa mawaziri, majenerali na mabalozi, wote videvu juu, na redio ikirusha kila neno mpaka vijijini. Nguzo alikaa kwenye kiti chake cha enzi, mdogo kuliko picha zake. Mwajabu alipanda ngazi ya dhahabu kidato baada ya kidato. Chini yake askari wawili waliishika miguu, nao walimtazama kama wapishi wanavyotazama sufuria.

"Kwa heshima ya Mkurugenzi wetu mpya," alitangaza Waziri, "Nguzo atakunywa maji kwa mujibu wa utafiti!"

Akapewa glasi ndefu. Akainua kidevu juu, juu zaidi, kama kitabu kilivyoelekeza, akamimina. Akakohoa.

Ukumbi ukakohoa. Majenerali walikohoa kwa mabega, mabalozi kwa vitambaa, na nje, kupitia vipaza sauti, mji mzima uliitikia, na nyuma ya mji, nchi. Watu wote walikuwa wanaitazama dari, kwa kuwa ndivyo sheria inavyotaka. Mwajabu peke yake, kwa sababu alikuwa juu ya ngazi na anaogopa kuanguka, alikuwa anatazama chini.

Akaona bega la Nguzo limeacha kutikisika. Akaona kinywa kiko wazi na kifua hakiendi. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Katika kelele zile zote za nchi, kikohozi kimoja kilikuwa kimekoma, na hakuna sikio lililoweza kugundua kwamba hakipo.

"Amenyamaza!" alisema. Sauti yake ilimezwa. Akashuka, mguu ukateleza, akashuka tena, akakimbia hadi kwenye kiti. Profesa Kilasara alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amemshika Nguzo kipaji cha uso na kidevu, anamvuta kichwa nyuma kwa nguvu zake zote, huku anakohoa.

"Profesa, mwinamishe. Mwinamishe mbele, mpige mgongoni."

"Kwa mujibu wa Lupogo na wenzake," alisema Profesa kati ya kikohozi na kikohozi, "mtu akipaliwa, kidevu huinuliwa."

Mwajabu alijaribu kuingiza mkono, na askari akamvuta kwa kiwiko. "Nilidanganya," alisema. Neno lile alilolibeba siku zote kama kaa la moto alilitema mbele ya serikali nzima, na serikali nzima ilikuwa inakohoa. Hakulisikia mtu, isipokuwa Profesa.

Profesa alimtazama, kwa mara ya kwanza machoni. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Nilijua," alisema. "Lakini utafiti umeshachapishwa." Akavuta kidevu juu zaidi.

Baada ya muda hapakuwa na haja tena ya kuvuta. Lakini Nguzo alikuwa ameketi wima, kidevu juu kuliko siku yoyote ya maisha yake, na mkononi glasi ilikuwa bado imeshikwa. Haikuwa imegusa meza. Ukumbi uliendelea kukohoa. Watu walikuwa wameanza kutokwa machozi, na jenerali mmoja alikuwa amepiga magoti, lakini anakohoa.

Waziri Nderingo alizunguka kiti mara moja, akatazama, akaelewa. Angeweza kuiweka ile glasi mezani. Alinyoosha mkono, akawaona mawaziri wenzake wanachungulia kwa pembe za macho waone nani atakuwa wa kwanza, akaurudisha mkono mfukoni. Kisha akamsogelea Mwajabu sikioni.

"Nguzo ameingia katika tafakuri," alisema. "Kuanzia kesho wewe ni Mlishaji Mkuu wa Dola. Utamnywesha kila asubuhi, na utatoa taarifa kwamba amemeza vizuri."

"Hawezi kumeza, Mheshimiwa. Unaona mwenyewe."

"Utafiti wako hautaji mtu yeyote aliyeshindwa." Akakohoa kidogo, kwa ajili ya majirani. "Nenda ukamwambie mama habari njema. Gari lipo nje, la uongozi. Litakungoja mlangoni."

*

Njiani nchi yote ilikuwa inakohoa. Dereva alikohoa akiendesha. Trafiki alikohoa akiruhusu magari. Sokoni wauzaji walikuwa wameegemeana migongo ili wasianguke, watoto wamekauka sauti na mama zao wanawapiga mgongoni ili waendelee. Redio ya gari haikuwa na mtangazaji tena, ilikuwa inarusha ukumbi. Mwajabu alikaa nyuma, akifikiria kitu kimoja tu: atamwambia mama yake kweli yote, ukuta usikie, jirani asikie, lori lije. Alishangaa kuona kwamba haogopi tena. Aliona hata raha, raha ya mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Mama Chausiku alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, kanga mdomoni, macho mekundu.

"Mwajabu mwanangu," alisema, akakohoa. "Tulikusikiliza wote." Akakohoa. "Bibi alifurahi, alifurahi, sijamwona vile. Waziri aliposema Nguzo atakunywa, akasema nami nataka kunywa na mwanangu." Akakohoa tena, akijishika kifua. "Nikamletea kile kikombe chake cha buluu. Najua mnakificha, mimi sijamwambia mtu, Mungu shahidi. Akakikataa. Akasema, nipe glasi ya utafiti. Nikampa. Nikatoka huku nje tukohoe pamoja."

"Yuko peke yake?"

"Yuko na redio," alisema Mama Chausiku. "Tulikuwa tunakohoa naye vizuri tu."

Mtaa ulikohoa kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, kupitia madirisha yote na milango yote. Mwajabu alipanda ngazi ya baraza, akaweka mkono juu ya mlango wao, akatega sikio. Alisikia redio tu. Kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo aliona kikombe cha buluu, kimeoshwa, kimepinduliwa juu ya meza ili kikauke. Akaita, "Mama." Akaita tena.

Nyuma yake Mama Chausiku aliendelea kukohoa, maana glasi ilikuwa haijawekwa.